Paa Moja, Mratibu Mmoja au Amri Moja: Njia Tatu za Kuzifanya Taasisi za Serikali Zishirikiane Siku ya Maafa

Kila baada ya janga kubwa huundwa tume, tume huandika ripoti, na ndani ya ripoti hiyo haikosekani sentensi isemayo kwamba taasisi za serikali hazikushirikiana ipasavyo. Mara nyingi sentensi hiyo ni ya kweli, lakini haimsaidii mwenye dhamana ya kuamua, kwa sababu haimwambii ushirikiano huo hujengwa vipi wala kwa gharama gani. Nchi zilizojaribu kwa dhati zimepita katika njia tatu. Ya kwanza ni kuzikusanya taasisi zote za usalama na uokoaji chini ya wizara moja. Ya pili ni kuiacha kila taasisi mahali pake, kisha kuweka juu yao ofisi moja ya uratibu yenye kauli. Ya tatu haigusi muundo wa serikali hata kidogo: inaweka utaratibu mmoja wa amri ambao kila anayefika eneo la tukio anaufuata, awe polisi, mwanajeshi, muuguzi au zimamoto.

Ninazilinganisha njia hizi kwa ajili ya katibu tawala, mkuu wa idara katika kaunti, mjumbe wa kamati ya bunge na ofisa wa zimamoto ambaye kesho ataombwa maoni. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo, ili msomaji aupime anaposoma: tunapenda kuanza na swali la nani awe juu ya nani, ilhali swali linalookoa watu ni nani anamsikia nani.

Asubuhi moja, miji miwili

Tarehe 11 Septemba 2001 ndege mbili ziligonga minara ya World Trade Center mjini New York, na nyingine ikagonga Pentagon, makao makuu ya wizara ya ulinzi ya Marekani, yaliyo katika kaunti ya Arlington jimboni Virginia. Nchi ilikuwa moja, sheria za shirikisho zilikuwa zilezile, na saa za tukio zilikaribiana, lakini namna taasisi zilivyofanya kazi pamoja zilitofautiana sana.

New York ilikuwa na polisi na zimamoto wenye vifaa na uzoefu ambao miji michache duniani ingeweza kujivunia. Ilikuwa na ofisi ya jiji ya kusimamia dharura, na miezi miwili tu kabla, Julai 2001, meya alikuwa ametoa mwongozo uliotaja taasisi gani iongoze katika dharura ya aina gani. Karatasi, kwa maneno mengine, ilikuwapo. Kisichokuwapo ni mazoea ya kufanya kazi pamoja, kwa kuwa polisi na zimamoto kila mmoja alijiona anajitosheleza. Marubani wa helikopta za polisi waliuona mnara wa kaskazini ukiwaka wekundu upande wa juu, wakaonya redioni kwamba hautasimama muda mrefu. Walioisikia sauti hiyo walikuwa polisi, kwa sababu chaneli ilikuwa ya polisi, na makamanda wa zimamoto waliokuwa chini hawakuwa na njia ya kuipata. Zilipita kama dakika ishirini, na saa 4:28 asubuhi mnara ukaanguka. Zimamoto 343 walikufa siku hiyo. Si wote waliokufa kwa sababu hii moja, na baadhi yao walikuwa wameshaamriwa kutoka na makamanda wao wenyewe, lakini onyo lililosikika upande mmoja tu wa serikali ileile ni jambo ambalo kila mwenye dhamana anapaswa kulitafakari.

Arlington ilikuwa na idara ndogo ya zimamoto ya kaunti. Ndiyo iliyoshika amri, na waliofika baada yake, wakiwamo wapelelezi wa FBI, wanajeshi na vikosi vya zimamoto vya kaunti jirani, walijiweka ndani ya utaratibu uleule. Saa 3:55 asubuhi kamanda wa tukio aliona sehemu ya jengo inaelekea kuporomoka, akaamuru kila mtu atoke. Saa 3:57 sehemu hiyo ikaporomoka, na hakuna mwokoaji aliyejeruhiwa. Zilikuwa dakika mbili tu, nazo zilitosha kwa sababu amri moja iliwafikia wote.

Haki inanitaka niseme kwamba kazi ya Arlington ilikuwa nyepesi kuliko ya New York, kwa kuwa jengo lilikuwa fupi na eneo lilikuwa rahisi kuzungushiwa ulinzi, na hata huko mawasiliano ya redio yalisumbua. Tume iliyochunguza mashambulizi hayo ililikiri hilo, lakini pia ilizitaja sababu za mafanikio: watu waliofahamiana na kuaminiana kabla ya siku yenyewe, mfumo mmoja wa amri, na makubaliano ya kusaidiana baina ya majirani. Katika sababu hizo tatu hakuna hata moja inayohusu wizara.

Njia ya kwanza: paa moja

Hata hivyo, Marekani ilijibu kwa kujenga wizara. Sheria ilitiwa saini Novemba 2002, na mwaka 2003 taasisi 22 zilihamishiwa katika Wizara ya Usalama wa Ndani: forodha, uhamiaji, walinzi wa pwani, ulinzi wa viwanja vya ndege, walinzi wa rais, na FEMA, shirika la maafa lililoanzishwa mwaka 1979, ambalo hadi hapo lilikuwa linajitegemea. FBI na CIA zilibaki nje, na kwa hiyo hata paa hilo kubwa halikuwafunika wote waliolaumiwa kwa kutopeana taarifa.

Faida ya njia hii ni ya kweli, na huonekana zaidi katika kazi za kila siku. Mpakani, msafiri ambaye zamani angekaguliwa na ofisa wa forodha, wa uhamiaji na wa kilimo, kila mmoja na wizara yake, sasa anakutana na taasisi moja. Bajeti ya pamoja na mafunzo ya pamoja ni mambo ambayo wizara moja huyafanya vizuri.

Gharama yake ilidhihirika haraka. Tarehe 29 Agosti 2005 kimbunga Katrina kilitua kwenye pwani ya Ghuba ya Mexico, kingo za maji za New Orleans zikavunjika, na watu zaidi ya elfu moja wakapoteza maisha. Maelfu walikwama katika uwanja wa Superdome wakisubiri mabasi, na wengine wengi walikuwa katika ukumbi wa mikutano wa jiji, ambao mkuu wa FEMA alikiri kwamba alipata habari zake kwa kuchelewa, wakati televisheni zilikwisha kuuonyesha. FEMA ilikuwa imepoteza nafasi yake ya kuzungumza moja kwa moja na rais, na wizara iliyozaliwa kwa ajili ya ugaidi ilikuwa imeelekeza fedha na fikra zake huko. Mwaka 2006 Bunge la nchi hiyo lilitunga sheria nyingine ya kuirudishia FEMA sehemu ya mamlaka yake.

Lakini ndani ya wizara hiyohiyo, katika janga hilohilo, walinzi wa pwani waliokoa na kuhamisha watu zaidi ya 33,000. Waziri wao alikuwa mmoja na wa FEMA. Tofauti ni kwamba walinzi wa pwani wamezoea kumpa rubani na nahodha aliye kwenye tukio ruhusa ya kuamua bila kusubiri kibali cha juu. Mtu anayedhani kwamba kuhamisha taasisi kutoka wizara hii kwenda ile kunabadilisha namna zinavyofanya kazi, na aitazame tofauti hiyo kwa makini.

Kuna hatari nyingine ambayo haizungumzwi vya kutosha. Taarifa za usalama hutunzwa kwa siri, na anayepewa ni yule tu anayezihitaji. Taarifa za maafa zinataka kinyume chake: kiwango cha maji ya mto kinapaswa kumfikia mwalimu, dereva wa lori na mama anayeishi bondeni. Zikiwekwa chini ya mkono mmoja, tabia ya siri ndiyo hushinda, kwa sababu hakuna ofisa anayeadhibiwa kwa kukaa kimya.

Njia ya pili: mratibu juu ya wizara

Tanzania ilichagua njia hii zamani. Uratibu wa maafa uko chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, na Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2015, inaweka kamati kuanzia taifa, mkoa na wilaya hadi kata na kijiji. Zanzibar ina sheria yake na Kamisheni yake ya Kukabiliana na Maafa. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, Polisi, Jeshi la Wananchi (JWTZ) na hospitali hubaki katika wizara zao.

Uzuri mkubwa wa muundo huu, ambao wenyewe hatuuoni kwa sababu tumeuzoea, ni kwamba mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya ndio wenyeviti wa kamati ya usalama na pia wa kamati ya maafa. Kile ambacho Marekani ilikitafuta kwa kuhamisha taasisi 22, sisi tunacho kwenye kiti kimoja. Maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yalipoufunika mji wa Katesh na vijiji jirani tarehe 3 Desemba 2023, na kuua watu wasiopungua 80, askari wenye mitambo, waganga, Msalaba Mwekundu na wanakijiji walifanya kazi katika eneo moja bila kubishana tukio ni la wizara gani, kwa kuwa uongozi wa serikali uliokuwa pale ulikuwa na kauli juu yao wote.

Udhaifu wake ni kwamba mratibu huita kikao, lakini hana boti wala mtambo. Nguvu yake ni heshima ya cheo, nayo hufika eneo la tukio pale cheo kinapofika. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliyokuwa inakaribia kutua Bukoba ilitumbukia Ziwa Victoria, karibu kabisa na uwanja. Ndani yake mlikuwa na watu 43, na 19 walikufa. Waliofika kwanza kwa mitumbwi walikuwa wavuvi, na baadaye watu wa Bukoba waliivuta ndege kwa kamba kuelekea ufukweni. Uwanja wa ndege ulikuwa ukingoni mwa maji na ziwa lilikuwa na wavuvi wenye vyombo, lakini hapakuwa na utaratibu ulioandaliwa wa kuwaunganisha hao wawili katika dakika ya kwanza. Kikao cha kamati, hata kiitishwe upesi namna gani, hakiwezi kuwahi dakika hiyo.

Kenya inaonyesha hatari ya pili ya njia hii, nayo ni waratibu kuwa wengi. Kituo cha Taifa cha Operesheni za Maafa kiliundwa mwaka 1998 baada ya mafuriko ya El Niño, Mamlaka ya Kudhibiti Ukame ikaja mwaka 2011, kitengo kingine cha maafa kikafuata mwaka 2013, na Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaigawa kazi ya maafa kati ya serikali ya taifa na kaunti. Kila chombo kilizaliwa kwa sababu nzuri. Ofisa wa kaunti iliyofurika, hata hivyo, anahitaji kujua simu yake ya kwanza aipige wapi, na waratibu watatu humpa majibu matatu.

Njia ya tatu: amri moja eneo la tukio

Utaratibu huu ulizaliwa baada ya moto mkubwa wa misitu uliounguza California mwaka 1970, ambapo vikosi vya mamlaka mbalimbali vilikutana kwenye moto mmoja vikiwa na redio zisizosikilizana na majina tofauti ya vitu vilevile. Tangu 2003 serikali ya Marekani imeufanya kuwa utaratibu wa taifa zima.

Kanuni zake ni za kawaida kiasi kwamba mtu anaweza kuzidharau. Tukio lina kamanda mmoja, na kama mamlaka ni zaidi ya moja, makamanda wao wanakaa mahali pamoja na kutoa mpango mmoja. Mtu mmoja anasimamia watu watatu hadi saba, wala si ishirini. Redioni hutumika lugha ya kawaida badala ya namba za siri za kila kikosi. Kazi zinagawanywa katika amri, operesheni, mipango, vifaa na fedha, na anayepewa vifaa anashughulikia vifaa, hata kama cheo chake kazini kinamruhusu zaidi. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote kwetu, kwa sababu linamtaka mkubwa wa cheo apokee maelekezo ya mdogo wake kwa saa kadhaa.

Kwa upande wa usalama, Nairobi imetupa ushahidi mzito. Katika shambulio la Westgate, Septemba 2013, watu 67 waliuawa na operesheni ilichukua siku nne. Polisi wa kikosi maalumu na wanajeshi waliingia katika jengo moja bila kuwa chini ya amri moja, na ofisa wa polisi akauawa kwa risasi za upande wa serikali yenyewe. Katika shambulio la DusitD2, Januari 2019, watu 21 waliuawa, zaidi ya 700 walitolewa salama, na operesheni ilimalizika kabla ya saa 24 kutimia. Majengo na washambuliaji havikulingana, na sitaki kuupunja uzito wa vifo hivyo 21, lakini vikosi viliingia mapema na kwa mpangilio ulio wazi zaidi. Nchi ilikuwa ileile na vyombo vilevile. Kilichobadilika katika miaka hiyo mitano ni namna vilivyofanya kazi pamoja.

Udhaifu wa njia ya tatu ni kwamba hukaa ndani ya watu, na watu huhamishwa. Niliwahi kuketi katika zoezi la mezani, yaani la kujadili janga la kubuni ukumbini, la wilaya moja ya kando ya ziwa. Mwezeshaji alitoa mfano wa chombo kilichozama jioni, kilomita mbili kutoka ufukweni, kisha akaomba isomwe orodha ya simu za dharura iliyobandikwa ukutani. Kati ya majina kumi na moja, manne yalikuwa ya maofisa waliokwisha kuhamishwa, na moja lilikuwa la mtu aliyefariki. Mganga Mkuu akamgeukia ofisa wa polisi aliyeketi mkabala naye.

"Afande, chombo kikizama usiku huu, boti yako ina mafuta?"

"Daktari, mafuta ya boti yanatoka mkoani, kwa kibali."

Katibu Tawala aliacha kuandika. Ukumbi mzima ulinyamaza, na nadhani kimya kile kilifanya kazi kubwa kuliko hotuba ya ufunguzi, kwa sababu kabla hatujatoka yalipatikana makubaliano ya maandishi kwamba halmashauri itatunza lita kadhaa kwa ajili ya boti hiyo, na kwamba orodha itaandikwa kwa cheo, si kwa jina la mtu. Lakini mwaka uliofuata sikusikia kwamba zoezi lilirudiwa, na zoezi lisiporudiwa, kilichopatikana humomonyoka.

Ipi ichaguliwe, na nani

Kwa mbunge au mshauri wa serikali anayefikiria wizara moja ya usalama na maafa, ushauri wangu ni kwamba asikimbilie huko. Kuunganisha taasisi huchukua miaka, na katika miaka hiyo wakubwa hushughulika na vyeo, majengo na sare, wakati mvua hazisubiri. Muungano wa aina hiyo unafaa pale kazi inapokuwa ya kila siku na ya kufanana, kama mipakani, na hata huko vituo vya pamoja kama cha Namanga vimeonyesha kwamba maofisa wa nchi mbili na wa idara mbalimbali wanaweza kumhudumia msafiri katika jengo moja bila yeyote kuihama taasisi yake.

Kwa nchi ambayo haina mratibu anayejulikana, au inao watatu, njia ya pili haina budi kuja kwanza, na kazi yenyewe ni kupunguza badala ya kuongeza. Kenya ingefaidika zaidi kwa kumaliza mjadala wa nani mratibu wa taifa, na kwa kuiandikia kila kaunti ngazi moja ya kuomba msaada, kuliko kwa kuunda chombo kipya baada ya mafuriko yajayo.

Kwa Tanzania, yenye mratibu mmoja na kamati hadi kijijini, upungufu uko chini, eneo la tukio, katika saa ya kwanza. Hapa ninaipendekeza njia ya tatu bila kusita, ijengwe ndani ya njia ya pili: kamati ya wilaya itamke mapema nani kamanda wa tukio kwa kila aina ya janga, kamanda huyo apewe mamlaka ya kuamua kabla mwenyekiti hajafika, na mwenyekiti akifika ashughulike na kupata vifaa, kuzungumza na wananchi na kuomba msaada wa mkoa. Haihitaji sheria mpya. Inahitaji chaneli moja ya redio iliyojaribiwa kila mwezi, fungu dogo la mafuta lisilohitaji kibali cha mbali, na mazoezi mawili kwa mwaka, moja likiwa kabla ya masika, lifanyike hata kama nusu ya wajumbe wamehamia wiki iliyopita, kwa kuwa hao wageni ndio wanaolihitaji zaidi.

Pia inahitaji kuwapokea waokoaji ambao hawamo katika orodha ya mishahara ya serikali. Katika wilaya za ziwani na za pwani watu hao wanajulikana: ni wavuvi, na uongozi wao upo tayari katika BMU, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe. Wapewe nafasi kwenye kamati, makoti ya kuokolea na redio moja, na orodha ya simu itakapobandikwa upya ukutani, namba ya mwenyekiti wa BMU iandikwe juu kabisa, kabla ya namba ya mkubwa yeyote.